Sumukuvu: Adui aliye ndani ya gunia la mahindi

Wakazi wa Kitui na Makueni hawajasahau mwaka wa 2004, ambapo watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumukuvu, au aflatoksini. Hata hivyo, wataalamu wanaeleza kuwa vifo hivyo vilikuwa sehemu ndogo tu ya tatizo linalowakabili Wakenya wengi.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, ambaye huishi udongoni na kushambulia mahindi na njugu, hasa mimea inapodhoofishwa na ukame au mavuno yanapohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haina rangi wala ladha ya kumtahadharisha mlaji, na kuipika hakuiangamizi.

Mkurupuko wa 2004 uligunduliwa mwezi Mei, wagonjwa walipofika hospitalini macho na ngozi vikiwa vimegeuka manjano. Vipimo havikuonyesha virusi vya homa ya ini. Mahindi yalipopimwa, baadhi yalikuwa na sumu ya sehemu 4,400 kwa bilioni, mara 220 ya kiwango cha 20 kilichoruhusiwa wakati huo. Baadaye Kenya ilipunguza kiwango hicho hadi 10.

Kufikia Julai 20 mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Mahindi hayo yalivunwa mwezi Februari, wakati wa mvua zilizonyesha kabla ya msimu wake. Familia nyingi, zikiwa na chakula kidogo, ziliyaweka ndani ya nyumba kabla hayajakauka.

Halikuwa tukio la kwanza. Mnamo 1981, wagonjwa 12 kati ya 20 walifariki katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Vifo vilishuhudiwa tena katika eneo hilo mwaka wa 2005.

Uchunguzi uliofanywa mwaka wa 2004 ulilinganisha wagonjwa 40 na majirani 80 waliokuwa na afya. Mahindi ya wagonjwa yalikuwa na wastani wa sehemu 355 kwa bilioni, na ya majirani 44. Kwa hivyo hata waliokuwa wazima walikuwa wakila chakula chenye sumu zaidi ya mara mbili ya kiwango cha wakati huo.

Je, ni Wakenya wangapi wanaokula sumu hii? Jibu lilipatikana katika damu iliyokusanywa kote nchini mwaka wa 2007 kwa ajili ya utafiti wa Ukimwi. Watafiti walipima sampuli 600 na kukuta dalili za sumukuvu katika asilimia 78. Hapakuwa na tofauti kati ya wanaume na wanawake, wala kati ya matajiri na maskini. Tofauti ilikuwa ya mahali: Mkoa wa Mashariki, uliojumuisha Kitui na Makueni, uliongoza, huku Nyanza ikiwa na viwango vya chini zaidi.

Anayekula sumu nyingi kwa muda mfupi hutapika, huumwa na tumbo, hugeuka manjano na ini lake huweza kushindwa kufanya kazi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi hukabiliwa na hatari ya saratani ya ini, nayo huongezeka sana kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Kinga huanzia shambani. Aflasafe KE01, iliyosajiliwa nchini mwaka wa 2015, hutumia kuvu wasio na sumu kuwashinda wenye sumu. Baada ya mavuno, mahindi yaanikwe juu ya turubai, si kwenye udongo, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kisha yahifadhiwe katika magunia yasiyopitisha hewa.

Mkulima asiye na kipima unyevu anaweza kutia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu na kuitikisa. Chumvi ikinata chupani, mahindi bado ni mabichi.

Kukoboa mahindi ili kupata muthokoi hupunguza sumu, kwa kuwa nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, lakini hakuimalizi. Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kuoshwa na kupikwa. Ushauri huu ni mgumu kwa nyumba yenye njaa, na ndiyo sababu mwaka wa 2004 serikali ililazimika kuwapa wakazi chakula kingine badala ya kuwaonya tu.