Kothbiro

Kothbiro ni wimbo wa Kiluo uliorekodiwa mara mbili kwa sura tofauti: kwanza na bendi ya Black Savage ya Nairobi mwaka 1976, kisha na Ayub Ogada, aliyekuwa mwanamuziki wa bendi hiyo, katika albamu yake *En Mana Kuoyo* ya mwaka 1993. Jina lake limeundwa kwa maneno mawili: *koth*, yaani mvua, na *biro*, yaani inakuja.

Maneno ya wimbo ni machache. Watoto wanaitwa na kuambiwa mvua yaja, warudishe ng'ombe nyumbani. Wito huo hauhitaji maelezo kwa wakazi wa Kisumu na mwambao wa Ziwa Victoria, ambako mvua ya alasiri huja ghafla, ikiandamana na radi.

Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956 katika familia ya Kiluo na kupewa jina la Job Seda. Wazazi wake walikuwa wanamuziki, na sehemu ya utoto wake aliishi Chicago, Marekani. Black Savage, alimoanzia, ilichanganya roki na soul na midundo ya Kiafrika. Baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band, kundi lililotumia ala za asili pamoja na za kisasa. Mwaka 1986 alihamia Uingereza, akawa akipiga muziki kwa wapita njia jijini London hadi alipoalikwa kwenye tamasha la WOMAD mwaka 1988. Mwaliko huo ndio uliomfikisha kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel iliyotoa *En Mana Kuoyo*.

Katika rekodi ya pili, uzito wa bendi umeondolewa na nyatiti imeshika usukani. Nyatiti ni zeze la Waluo lenye nyuzi nane na bakuli la mbao lililowambwa ngozi. Kwa desturi, mpigaji huketi chini kabisa, kwenye kigoda kifupi, na kucharaza nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Kidole gumba cha mguu huvishwa pete ya chuma inayogonga ukingo wa ala, na njuga zilizofungwa mguuni huitikia kila pigo. Hivyo mtu mmoja hutoa sauti ya ala na mdundo wake. Juu ya msingi huo, Ogada anaimba kwa sauti ya chini, taratibu, na wito wa malishoni unakaribia kuwa bembelezi.

Sura hiyo ndiyo iliyoenea duniani. Mwaka 2005 ilitumiwa katika filamu *The Constant Gardener* ya Fernando Meirelles, iliyopigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya, na kwa wasikilizaji wengi wa ng'ambo Kothbiro ikawa wimbo wa nyatiti tangu asili. Rekodi ya 1976 ilibaki kwa wakusanyaji wa santuri hadi mwaka 2018, pale Kanye West alipochukua kipande chake na kukitia katika wimbo "Yikes". Ogada alifariki Februari 2019 huko Nyahera, Kaunti ya Kisumu, rekodi zote mbili zikiwa zimepata wasikilizaji nje ya Kenya.