Kompyuta Ikiganda, Usikimbilie Kuizima

Wasee, niwaambie vile nilijiharibia jina.

Nahariri video kwa chumba kimoja hapa Shauri Moyo, karibu na Burma, mahali harufu ya nyama inaingia kabla ya mteja. Tuko na mashine tatu za Linux. Faili zote zinakaa kwa sava moja mzee chini ya meza, na hizo zingine zinazisoma kupitia NFS.

Siku moja kila kitu kikaganda. Naandika ls, kimya. df, kimya. Control na C, wapi! Nikicheki na ps naona herufi D, maanake kazi imelala usingizi wa kungoja diski au sava. Kumbe kebo ya swichi ilikuwa imechomoka kidogo. Mimi, msee aliacha chuo mwaka wa pili akiringa anajua Linux, nikakasirika nikabadilisha mpangilio wa NFS kutoka hard hadi soft. Kuganda kukaisha. Nikajiona mkali.

Sasa mnaona, hiyo hard haikuwekwa na mtu mjinga. NFS ilitengenezwa na Sun Microsystems kule California, ikatoka katikati ya miaka ya 1980. Diski zilikuwa bei ghali, kwa hivyo Sun waliuza hata kompyuta bila diski, kila kitu kikitoka kwa sava. Sava akianguka, ofisi nzima inasimama. Wakaamua hivi: sava asiweke kumbukumbu ya nani anasoma nini, na mteja arudie ombi lake mpaka ajibiwe. Sava akizimika saa nzima akarudi, kazi inaendelea pale iliachia. Watu walilaani huo uamuzi miaka mingi, juu hata kill -9 haikuwa inaua kazi iliyokwama. Kwa Linux hiyo ilirekebishwa 2008, na leo kill -9 mara nyingi inasikika.

Soft ni tofauti. Inajaribu mara kadhaa, inachoka, inarudishia programu kosa. Programu isiposhughulikia hilo kosa, au mtu asipolisoma, faili inabaki nusu.

Mimi sikulisoma. Kijana wa mtaa alikuwa amekaa kwa stuli akingoja video ya babake, basi ya kwenda shagz inaondoka jioni. Onyo likatokea, nikalifunga, nikampa flashi. Kesho yake akanipigia kutoka mazishini. Video ilikatika mama akianza kuongea, watu wote wakiangalia. Hakunitusi. Angenitusi ningelala.

Kwa hivyo ikiganda sai, nafanya hivi. Kwanza ping kwa sava. Ikijibu, rpcinfo -p nione kama huduma ya NFS iko hai. Alafu dmesg: ukiona imeandika sava haijibu na bado inajaribu, angalia kebo, swichi, stima. Sava akirudi, inaandika OK na kila kitu kinajifungua chenyewe. umount -f na umount -l naziacha mwisho kabisa, wakati sava amekufa kweli, juu chenye hakijaandikwa kinaweza kupotea.

Nilirudisha hard siku hiyo hiyo. Video nzima nilimtengenezea bure, akaichukua, lakini mazishi yalikuwa yameisha. Juzi mashine imeganda tena, nikatoka nje nikanunua chapati. Kurudi, ilikuwa inaendelea na kazi.