Gemu Hazipiti Kasumbalesa: Kujitoa Katika Jumuiya na Hatima ya Tasnia Isiyoonekana Mpakani

Kila linapozuka suala la Kongo kubaki au kujitoa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Lubumbashi hutazama Kasumbalesa, kituo cha mpakani kuelekea Zambia. Ina haki kufanya hivyo. Unga, mafuta na mitambo ya migodi huingia kwa malori kupitia mpaka ule, na shaba hutokea hapohapo. Gemu, hata hivyo, haipangi foleni mpakani. Kijana wa mtaa wa Golf anayeishusha kwenye simu yake usiku hakutani na afisa wa forodha. Mwaka 1998 wanachama wa Shirika la Biashara Duniani walikubaliana kutotoza ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazosafirishwa kielektroniki, na tangu hapo wakawa wanaurefusha muda wa makubaliano hayo. Hata mashine yenyewe ya kuchezea haiguswi sana na suala hili: PlayStation iliyoundwa Uchina haihesabiwi kuwa bidhaa yenye asili ya Afrika, kwa hiyo haipati msamaha wa ushuru unaotolewa kwa bidhaa za wanachama.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba watengenezaji wa gemu hawana cha kupoteza nchi ikijitoa. Makala haya yanapinga hitimisho hilo. Hasara ya tasnia hii hupitia kwa watu wanaoitengeneza na kwa kanuni za fedha zinazowalipa. Nayo huwa nzito zaidi pale ambapo tasnia ndiyo kwanza inatafuta pa kusimama.

Uingereza inatupa ushahidi ulio wazi kuliko wote. Ilipiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya tarehe 23 Juni 2016, ikatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha mwezi Desemba mwaka huohuo. Nchi hiyo ni mkongwe wa fani hii. Grand Theft Auto ilizaliwa Dundee, mji wa Uskoti ambako Chuo Kikuu cha Abertay kilianzisha shahada ya teknolojia ya gemu mwaka 1997. Wakati wa kutoka, karibu mfanyakazi mmoja kati ya watano wa tasnia hiyo alikuwa raia wa nchi nyingine ya Ulaya. Kabla ya hapo, mchoraji kutoka Poland alipanda ndege na kuanza kazi wiki iliyofuata. Kuanzia Januari 2021 mwajiri alihitaji leseni ya kudhamini wageni na ada za viza, na kwa kawaida mshahara usiopungua paundi 25,600 kwa mwaka. Mwezi Aprili 2024 kiwango hicho kilipanda hadi paundi 38,700. Kampuni kubwa ina wanasheria wa kushughulikia mambo hayo. Studio ya watu watano, inayomtafuta kijana mmoja tu wa kuchora mandhari, humwacha akaenda Berlin.

Upande wa kodi kuna jambo ambalo wapinzani wa Brexit hawapendi kulitaja. Nafuu ya kodi kwa gemu ilichelewa hadi mwaka 2014 kwa sababu Tume ya Ulaya ilitaka kwanza kuichunguza, na ilipopita ilibidi ihesabu gharama zilizofanyika popote katika eneo la kiuchumi la Ulaya. Mfumo ulioanza Januari 2024 unahesabu gharama za ndani ya Uingereza peke yake. Hapo nchi ilipata uhuru halisi wa kuwapendelea watu wake. Lakini uhuru huo una maana kwa sababu hazina ya London ina fedha za kuujaza. Serikali iliyojitoa ikiwa haina mfuko wa kuziba pengo hubaki na uhuru wa kutunga kanuni zisizo na kitu ndani yake.

Kongo iko katika hali hiyo. Ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya mwezi Aprili 2022, ikawa mwanachama kamili Julai mwaka huo. Mwaka huohuo ndipo serikali ilipofuta tozo ya simu iliyojulikana kama RAM, baada ya wananchi kuipinga vikali. Tozo hiyo iligusa chombo ambacho kwa vijana wengi wa mitaa ya Lubumbashi kama Katuba au Kamalondo ndiyo mashine pekee ya gemu. Nchi iliyosaka mapato kwenye simu ya mwanafunzi haitaanzisha kesho nafuu ya kodi kwa studio.

Kwa hiyo mhitimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi anayetaka kutengeneza gemu atategemea wenzake wa kanda. Programu ya bure kama Godot ataipata mwenyewe, na umeme ukikatika atahangaika na jenereta. Asichoweza kujitengenezea ni timu: mtu wa sauti Nairobi, mwandishi wa programu Kampala, msambazaji Dar es Salaam, na njia halali ya kuwalipa. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inagusa hasa mambo haya: watu, kazi, huduma na mitaji. Kongo haijavuna mengi humo, nakiri. Lakini Kenya iliwaondolea Wakongomani viza mwaka 2023, na kwa timu inayotaka kukutana wiki mbili kumaliza kazi, hilo tu ni msaada mkubwa.

Juu ya hayo kuna lugha. Gemu yenye maandishi na sauti za Kiswahili haiwezi kurudisha gharama zake kwa wachezaji wa mkoa wa Haut-Katanga peke yao. Inahitaji Mombasa, Mwanza na Bujumbura. Historia inatufundisha jinsi soko la aina hii linavyovunjika. East African Literature Bureau ilichapisha vitabu kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, vikiwemo vya Kiswahili. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo lilivunjika nayo, na Kenya ikabaki na lake la kitaifa. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi mwaka 1983. Wasomaji wa lugha moja wakajikuta katika masoko yaliyotengana.

Hoja ya kujitoa haitokani na wivu wa kibiashara. Goma ilitwaliwa mwezi Januari 2025 na M23, waasi wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, na Mkongomani anayeuliza kwa nini akae meza moja na nchi hiyo katika Jumuiya anastahili jibu la heshima. Wala kujitoa si jambo geni katika kanda hii. Tanzania iliondoka COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki SADC na ilikuwa inaifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rwanda yenyewe ilitangaza mwezi Juni 2025 kujitoa katika jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika ya Kati. Kinachonisumbua ni kwamba mjadala wetu hupima amani na ushuru tu, huku kazi ya vijana isiyopita mpakani ikiachwa nje ya mizani.

Mkataba wa Jumuiya unataka azimio la theluthi mbili za wabunge na notisi ya miezi kumi na miwili. Kinshasa ikifika huko, miezi hiyo itumike kuandika makubaliano na Kenya, Uganda na Tanzania juu ya ruhusa za kazi kwa wasanii na waandishi wa programu, na juu ya malipo ya huduma za kidijitali. Uingereza ilikuwa na miaka minne na nusu kati ya kura na mwisho wa kipindi cha mpito. Mkataba wake wa biashara na Ulaya ulikamilika tarehe 24 Desemba 2020, siku saba kabla ya kipindi hicho kwisha, na haukurudisha haki ya mchoraji wa Warsaw kwenda kufanya kazi Dundee.