Utani: kicheko kilichozika uhasama



Hivi karibuni niliongoza mazishi ya mzee mmoja wa Kingoni. Nilipofika makaburini nilikuta kazi imesimama. Mzee wa Kihehe alikuwa ameshuka kaburini, amejilaza chali, akidai kwamba nyumba ile ni yake mpaka alipwe jogoo ambaye marehemu alimdhulumu. Mjane, ambaye tangu msiba utokee hakuwa ametamka neno, aliinua kichwa akacheka. Na baada ya kucheka ndipo akaweza kulia. Kijana mmoja aliyekuja kutoka mjini akaninong'oneza: "Padre, mbona mzee huyu hana adabu?" Nimeona vema kumjibu hapa, kwa kuwa jibu lake limo katika historia yetu.

Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya miaka mingi ya kuhamahama baadhi yao wakakaa katika nchi ya Songea. Kaskazini yao walikuwapo Wahehe, taifa lenye nguvu kama wao. Kati ya mwaka 1878 na 1882 walipigana vita vikali, na hakuna aliyeweza kummaliza mwenzake. Ikawapasa kuwa majirani, ilhali pande zote mbili zilikuwa na wafu wa kuwakumbuka.

Hapo ndipo utani ulipochukua nafasi ya mkuki. Mjukuu wa aliyeuawa aliweza kumwita mjukuu wa aliyeua mwoga na mtumwa wake, naye akajibiwa vivyo hivyo, na aliyekasirika ndiye aliyeaibika. Jeraha ambalo lingefichwa moyoni likaoza, lilitajwa mbele ya watu wote, kwa kicheko.

Vita havikuwa chimbuko pekee. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani ya Bagamoyo, safari ya miezi miwili au mitatu kwa miguu, wakipita katika nchi za watu wengine. Mpagazi akiugua njiani, nani atampa uji? Akifa, nani atamzika? Utani ulijibu maswali hayo. Ndiyo sababu Wanyamwezi na Wazaramo, ambao makwao ni mbali sana, wanataniana mpaka leo. R. E. Moreau, Mwingereza aliyekuwa mtaalamu wa ndege huko Amani katika milima ya Usambara, aliandika juu ya utani katika miaka ya 1940, naye aliona jinsi ulivyofungamana na vita vya zamani na njia za misafara.

Basi tusidhani kwamba utani ni maneno ya kuchekesha tu. Ni mapatano yenye haki na wajibu. Mtani ana haki ya kukutukana bila kushtakiwa, na hata kunyakua kitu chako. Lakini ukipatwa na msiba ni juu yake kuja, kuchimba kaburi, kuhudumia waombolezaji na kuwatoa wafiwa katika ububu wa huzuni. Tena mapatano hayo ni ya pande mbili. Anayemdhihaki mnyonge asiyethubutu kujibu hatanii, anadharau.

Nasikitika kuona kwamba siku hizi wengi wetu tumebaki na ulimi, tukaliacha jembe. Wako wanaojiita watani ambao hufika msibani kukusanya noti, kisha wasionekane tena. Na kwa upande mwingine, katika jumuiya zetu ndogondogo wapo wanaonuniana miaka mitatu kwa sababu ya neno moja lililosemwa kikaoni. Babu zetu, ambao walikuwa na damu iliyomwagika kati yao, walipata njia ya kucheka pamoja na kuzikana. Sisi tuna nini kati yetu kisichoweza kusemeka?

Yule mzee wa Kihehe alipewa shilingi mia mbili, akalalamika kwamba jogoo wake alikuwa mnene kuliko hizo, kisha akatoka kaburini akijipangusa udongo. Nilimweleza kijana yule jambo ambalo hakulijua: kaburi lile alilichimba mzee huyohuyo, tangu alfajiri.

Nawatakieni juma lenye amani.