Kutoka Ripoti za Berzelius hadi Hifadhidata za Protini

Neno "protini", tulilolizoea tangu masomo ya biolojia shuleni, linatokana na barua. Tarehe 10 Julai 1838 mkemia Jöns Jacob Berzelius wa Stockholm alimwandikia mwenzake wa Uholanzi, Gerrit Jan Mulder, akimpendekezea jina hilo kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kushika nafasi ya kwanza. Katika makala haya tunaeleza urithi wake mwingine, ambao kwa maoni yetu ni mkubwa zaidi: kazi ya kusoma maandishi ya wengine, kuyapima na kuyapanga.

Berzelius alikuwa katibu wa Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Sweden tangu mwaka 1818. Kuanzia 1821 hadi alipofariki mwaka 1848 aliandaa kila mwaka ripoti ya maendeleo ya fizikia na kemia, na ripoti hizo zikatafsiriwa kwa Kijerumani. Faida yake ilionekana wazi katika ripoti ya mwaka 1835. Ilikwisha kuandikwa kwamba asidi hugeuza wanga kuwa sukari bila yenyewe kupungua, na kwamba platini huifanya hidrojeni iwake hewani. Kila mtafiti aliandika lake. Berzelius aliyaweka pamoja, akaona tabia moja, akaiita katalisisi. Sisi leo twasema uchocheaji. Wazo hilo lilipatikana kwa kusoma.

Hata hivyo, msomaji naye hukosea. Mulder alidai kwamba vitu vyote vya jamii ya protini vina kiini kimoja cha asili. Katika miaka ya 1840 Justus von Liebig, aliyekuwa amemuunga mkono, aligeuka na kumpinga. Nadharia ikaanguka, jina likabaki. Liebig alimlaumu Berzelius pia kwa kuhukumu majaribio ya wengine ilhali yeye mwenyewe ameacha maabara. Basi nani amhakiki mhakiki?

Swali hilo limerudi katika karne yetu. Jeni na protini hufanya kazi kwa kushikana na kuathiriana, lakini habari za mahusiano hayo zimetawanyika katika maelfu ya makala. Mwaka 2006 kundi la hifadhidata ya BioGRID lilieleza jinsi lilivyopitia ikisiri na makala zaidi ya 31,793 kuhusu hamira na kukusanya mahusiano 33,311. Mwaka 2009 watafiti wengine walionya kwamba sehemu kubwa ya mahusiano yaliyokusanywa kwa njia hii yanategemea makala moja tu, na kwamba wakusanyaji hukosea. Wenye hifadhidata walirudia kukagua, wakajibu kwamba makosa ni machache kuliko ilivyodaiwa. Ugomvi huo ulikuwa na manufaa, kwani ulionyesha umuhimu wa kila ingizo kutaja makala lilikotoka, njia ya jaribio na kiumbe kilichochunguzwa, ili mwingine aweze kulikagua.

Stockholm yenyewe imeendelea na kazi hii. Mwaka 2003 Mathias Uhlén alianzisha mradi wa Human Protein Atlas, wa kuchora ramani ya protini za binadamu. Mwaka 2009 Andrey Alexeyenko na Erik Sonnhammer walichapisha FunCoup, mtandao unaounganisha ushahidi wa aina nyingi na kuupa kila uhusiano alama ya kiwango cha kuaminika. Berzelius alitoa hukumu kwa jina lake; FunCoup huandika shaka kwa tarakimu, na msomaji huiona.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaijua kazi hii kwa sura nyingine. Mtunga kamusi naye hukusanya maneno yaliyotawanyika vitabuni na vinywani, akaamua lipi liingie na kwa maana gani. Asipoonyesha alikolitoa neno, wanaomfuata watalinakili pamoja na kosa lake. Mwenye kukusanya na aache njia ya kurudi kwenye chanzo. Hapo ndipo wengine wataweza kumsahihisha.