Kitabu Kilichosomwa kwa Kopi

Muulize mwanaprogramu wa rika langu anasoma nini, atakutajia podikasti mbili tatu anazosikiliza akiwa kwenye daladala, chaneli ya YouTube iliyomvusha mtihani, na kitabu kimoja kinene ambacho hajakimaliza. Waliotutangulia walikuwa na majarida. BYTE lilianza 1975, Dr. Dobb's Journal likafuata 1976, na ndani yake msomaji alikuta programu zimechapwa kwenye karatasi. Alikaa mbele ya mashine yake akaziandika upya, herufi kwa herufi. Akisahau mkato mmoja, kazi yote inagoma.

Mimi nasomea shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, na kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni cha zama hizo. Kinaeleza mfumo endeshi ambao leo hakuna ofisi inayoutumia. Kilichonivuta kwanza hakikuwa mfumo wenyewe bali safari ya kitabu.

Mwandishi wake ni John Lions, mwalimu katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney. Katikati ya miaka ya 1970 chuo chake kilipata Unix, mfumo uliobuniwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie kwenye maabara za Bell, mali ya kampuni ya simu ya AT&T. Makubaliano ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani yaliizuia AT&T kufanya biashara nje ya mambo ya simu, hivyo vyuo vilipewa Unix kwa bei ndogo, pamoja na msimbo wake wote.

Lions aliona hazina. Wanafunzi wake walikuwa wakifundishwa mifumo endeshi kwa michoro na nadharia, kama mtu anayefundishwa kuogelea ubaoni. Akachukua kiini cha toleo la sita la Unix, chini ya mistari 10,000, akaipa kila mistari namba, kisha akaandika juzuu ya pili ya kuieleza hatua kwa hatua. Alitaka mfumo mzima, ulio hai, uenee kwenye begi la mwanafunzi.

Ninachokipenda ni uungwana wa maelezo yake. Anapoona msimbo mzuri anasema, na anapoona pana walakini anasema pia. Kuna sehemu maarufu, pale mashine inapoacha kazi moja na kushika nyingine, ambapo waandishi wa Unix waliacha maelezo mafupi ya kumwambia msomaji kwamba hatarajiwi kuielewa. Vizazi vya wanafunzi vimeyasoma kama dharau. Baadaye Ritchie alifafanua kwamba walimaanisha kitu kama kile mwalimu anachosema, "hili halitatoka kwenye mtihani," kisha akakiri kwamba hata wao wenyewe walikuwa hawajaelewa vizuri kilichokuwa kikitokea pale. Kwa mwanafunzi anayedhani wenzake wote wameelewa isipokuwa yeye, habari hiyo ni dawa.

Mwaka 1979 likaja toleo la saba, na leseni yake ikakataza msimbo kutumiwa darasani. AT&T ilishaona kwamba Unix ni mali. Kitabu cha Lions kikafungiwa mlango. Hapo ndipo mashine za fotokopi zilipoanza kazi. Mtu alitoa kopi ya kopi ya kopi, hadi herufi zikafifia na namba za mistari zikasomeka kwa kubahatisha, na kwa miaka mingi wanafunzi na wahandisi wa nchi mbalimbali wakakipitisha mkono kwa mkono.

Katazo hilo lilizaa jambo ambalo wenye leseni hawakulipanga. Huko Amsterdam, Andrew Tanenbaum hakuweza tena kuwafundisha wanafunzi wake kwa msimbo wa Unix, akaamua kuandika mfumo wake mwenyewe tangu mwanzo. Akauita MINIX, akautoa 1987 pamoja na kitabu chenye msimbo ndani. Mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, alikisoma kitabu hicho, na mwaka 1991 akatangaza mfumo wa kwake, Linux. Kiini cha Linux ndicho kilicho ndani ya kila simu ya Android, yaani simu za wengi wetu.

Ni rahisi kuishia hapo na kuwashangilia wanaotoa kopi. Nyuma ya chuo chetu kuna vibanda vya steshenari ambako kitabu cha bei ya kodi ya mwezi hutoka kikiwa kimebanwa kwa plastiki, na bila vibanda hivyo wengi wetu tusingemaliza shahada ya kwanza. Lakini mimi pia hula kwa kuandika programu, na najua uchungu wa kazi kuchukuliwa bure. Kwa hiyo swali langu ni jingine: katazo linamlinda nani? Lile la 1979 liliwafungia wanafunzi, na halikumsaidia mwalimu aliyekiandika kitabu. Kilipochapishwa rasmi hatimaye, mwaka 1996, kwa idhini ya kampuni ya Santa Cruz Operation iliyokuwa imenunua biashara ya Unix, Ritchie mwenyewe alikiandikia dibaji. Lions alikishika kitabu chake kilichochapwa vizuri. Alifariki 1998.

Siku hizi hakuna haja ya kujificha. Tangu 2006 chuo cha MIT kimekuwa kikifundishia xv6, mfumo ulioandikwa upya kwa kuufuata ule wa toleo la sita, wenye kitabu cha maelezo kwa mtindo wa Lions, na vyote ni bure mtandaoni. Sisi wanne huusoma kila Jumamosi, mistari hamsini kwa kikao. Msimbo ni wa Kiingereza, mabishano ni ya Kiswahili, na kwenye daftari la pamoja tunaandika maelezo yetu, kila mstari na namba yake. Tumefika mahali ambapo mashine inaacha kazi moja na kushika nyingine. Tumekaa hapo wiki ya tatu sasa.