Vyuo vilivyojengwa kwa karai na kahawa

Kabla ya saruji kufika, kokoto zilikuwa tayari. Akina mama waliketi kivulini, kila mmoja na nyundo yake, jiwe likiwa limebanwa ndani ya kitanzi cha mpira wa tairi lisije likaruka na kumpiga mtu jicho. Wanaume walikuwa msingini na sepeto. Aliyelipwa ni fundi mwenye timazi na pimamaji. Wengine wote walikuja na chakula chao.

Hivyo ndivyo kazi za harambee zilivyokwenda Kenya. Neno lenyewe lilikuwa kiitikio cha wavuta mizigo kabla Jomo Kenyatta hajaligeuza kuwa wito wa taifa mwaka 1963. Wito ukazaa shule, shule zikazaa vijana wenye vyeti wasio na kazi. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa likatoa ripoti iliyouliza: baada ya shule, nini? Jibu la kwanza lilikuwa dogo na la busara: politekniki za vijiji, ambako seremala wa pale pale aliwafundisha vijana kuranda mbao bandani.

Jibu la pili lilikuja kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila eneo lilitaka chuo chake kikubwa cha teknolojia: Kimathi kule Nyeri, Murang'a, RIAT Kisumu, WECO Kakamega. Wanasiasa wa huku hawakukubali kupitwa na wa kule. Penye kahawa, mchango ulikatwa katika malipo ya mkulima kupitia chama cha ushirika kabla hajaiona senti. Kwingine chifu alipita boma kwa boma, na asiyetoa pesa huenda akaona mbuzi wake akiondoka. Mchango wa hiari, tuliuita.

Ukuta wa harambee hupanda upesi kwa kuwa mawe, mchanga na nguvu ni vya wenyeji. Shida huanzia kwenye linta. Kuanzia hapo nondo, mabati na misumari ni vya dukani, na karai la kokoto haliwezi kuvinunua. Ndiyo maana nchi hii ina kuta nyingi zilizoota nyasi ndani zikingoja paa. Na paa likishapatikana, mashine ya kuchomelea na mwalimu wa mshahara ni gharama nyingine. Vyuo vilivyosimama viliishia kumgeukia yule yule ambaye wananchi walitaka kumwonyesha kwamba wanaweza: serikali.

Baadaye vilipanda cheo. WECO ilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2002, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kimathi ilipata hadhi kamili mwaka 2012, Murang'a mwaka 2016. Sherehe zilikuwa kubwa, na haki yao. Lakini yule mama wa kokoto alichangia ili mjukuu wake ajue kuchomelea chuma, si ili akose alama za kuingilia.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti politekniki za vijiji, na ujenzi umeanza upya, safari hii kwa zabuni. Eneo huzungushiwa uzio wa mabati, na kijana wa kijiji akitaka kibarua, humngoja kontrakta getini.